Herufi H iliyokuwa ikinikatia uzi

Nilikuwa nadarizi beji za sweta za shule, herufi zote za satini, yaani mshono mnene wa kwenda na kurudi unaojaza upana wa herufi. H moja tu uzi uliruka mara mbili, kutoka mguu hadi mguu: mashine inasimama, inakata, inaanza upya, na uzi unachomoka kwenye sindano. Nikabadilisha sindano, nikalegeza uzi. Wapi!

Kosa lilikuwa kwenye mchoro. Ink/Stitch, programu ya bure ya kuandaa darizi inayofanya kazi ndani ya Inkscape (programu ya kuchorea), hufuata orodha ya vipande vya mchoro, cha chini kwanza. Mimi nilipanga mguu, mguu, halafu upau wa katikati unaoiunganisha.

Dawa ilikuwa kuukata mguu wa kushoto katikati. Sasa sindano inaanzia chini kushoto, inapanda na satini hadi katikati, inaendelea juu kwa mshono wa kawaida (mstari mmoja mwembamba), kisha inarudi na satini ikiufunika mshono ule. Hapo imefika penye upau. Inavuka nao, inapanda mguu wa kulia kwa mshono wa kawaida, inashuka na satini hadi chini. Ndani ya herufi uzi haukatwi kabisa!

Nusu zile mbili nimezipandanisha kidogo, kama milimita 0.5. Sweta huvutika sana kuliko khaki, na mwanya ungeonekana.