Amplifaya ya mjomba na balbu ya wati 60

Kubadilisha transista za amplifaya ya mjomba hakukunipa shida. Zile mbili kubwa za upande wa kulia zilikuwa zimekufa waziwazi: kati ya miguu yake miwili mikuu, kolekta na emita, mita ilisoma kama waya mtupu. Nilizing'oa pamoja na mbili ndogo zinazozisukuma, nikabadilisha risista za emita zilizoungua mpaka rangi zikafutika, nikarudisha vipande vya maika, vinavyozuia umeme lakini hupitisha joto, na mafuta ya kupoozea, nikahakikisha kwa mita kwamba hakuna transista iliyogusana na bati la kupoozea joto. Kazi ilikuwa katika kuwasha, na hapo ndipo mimi na mjomba tulipopishana.

Kwake yeye chombo kikishatengenezwa huchomekwa. Spika zake mbili kubwa alikwisha zisogeza karibu na meza, nyaya mkononi.

"Si umeshamaliza, mpwa wangu? Chomeka tusikie."

"Spika zikae mbali kwanza, mjomba."

"Kwani fyuzi ni ya kazi gani?"

Fyuzi haina haraka hiyo. Transista ya pato ikipata shoti hufa kabla uzi wa fyuzi haujapata moto wa kukatika, kisha volti zote za upande mmoja huenda moja kwa moja kwenye spika. Kwenye amplifaya ile zilikuwa 42, chanya na hasi. Koili ya spika yenye omu 6 hivi ingevuta ampia 7, karibu wati 300 za joto tupu bila hata noti moja ya muziki. Hesabu hiyo ilimfanya aweke nyaya chini.

Nilikuwa nimetengeneza kifaa changu cha majaribio: soketi ya ukutani, balbu ya uzi, na soketi ya amplifaya, vyote kwenye msururu mmoja wa waya wa moto, ndani ya boksi lililofungwa vizuri. Lazima iwe balbu ya zamani yenye uzi wa kuwaka. Uzi ukiwa baridi hupitisha umeme kwa urahisi. Ukipata moto ukinzani wake hupanda mara nyingi, ukaubana mkondo. Kwa umeme wa volti 230, balbu ya wati 60 haipitishi zaidi ya robo ampia hivi, hata mbele yake kukiwa na shoti kamili. Balbu za LED hazifai kabisa kwa kazi hii. Ila balbu huilinda amplifaya tu, haimlindi mtu: ndani ya boksi umeme ni uleule wa kuua, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto ulibaki mfukoni.

Kabla ya kuwasha nilizungusha vidhibiti vya mkondo wa utulivu, ule mdogo unaopita kwenye transista za pato hata bila muziki, ambao mafundi huuita bayasi, hadi mwisho wa chini. Sauti nayo chini kabisa. Nikabonyeza swichi.

Balbu iliwaka kwa nguvu, kapasita kubwa zinazohifadhi chaji zikijaa, kisha ikafifia taratibu hadi ukawa wekundu mdogo tu kwenye uzi. Ingebaki inang'aa, ningechomoa na kurudi kwenye lehemu.

Mjomba akachukua mita mwenyewe, akaweka ncha kwenye vituo vya spika. "Sifuri! Unaona?"

Sifuri ile haikuwa na maana yoyote, kwa sababu rilei ya kulinda spika, swichi inayoziunganisha tu mambo yakiwa salama, haikuwa imeunganisha. Hatukusikia ule mlio wake wa "tak". Balbu ilikuwa imekula sehemu ya volti, na saketi ya ulinzi haikuridhika na zilizobaki. Ukitaka kujua ukweli unapima upande wa ndani, kabla ya rilei. Huko, volti za moja kwa moja ambazo zingeingia kwenye spika zilikuwa milivolti 14 kushoto, 21 kulia. Mimi chini ya 50 hunitosha.

Nikazima, nikachomoa, nikazitoa kapasita chaji kwa risista ya kilo-omu 1 ya wati 5 yenye nyaya zilizofunikwa. Wapo wanaozipiga shoti kwa bisibisi. Cheche zake zinafurahisha, lakini huharibu vituo na zinaweza kukuchoma.

Mara ya pili niliwasha bila balbu, kwani bayasi hairekebishwi volti zikiwa pungufu. Sekunde chache, "tak". Mjomba akacheka kwa sauti. Nikapima juu ya risista ya emita ya omu 0.22 huku nikizungusha kidhibiti kidogokidogo hadi milivolti 5, yaani miliampia 23 hivi, karibu na kilichoandikwa kwenye mchoro wake. Baada ya robo saa ya joto ilikuwa imepanda hadi 7. Nikairudisha, nikaipa robo saa nyingine, ikatulia.

Spika ya kwanza kuunganishwa ilikuwa ya redio mbovu, ambayo hakuna angeililia. Ilikoroma kidogo nilipogusa kidhibiti cha sauti, vumbi tu, kisha ikaimba. Pande zote mbili, bati la joto likiwa vuguvugu, hakuna harufu.

"Sasa?" mjomba akauliza.

"Sasa lete zako. Lakini anza chini."

Alianza chini, kwa muda wa wimbo mmoja.