Lori langu halidaiwi tena
Mwezi uliopita nilimaliza rejesho la mwisho. Kadi ya gari sasa iko kabatini kwangu, kwa jina langu. Juzi muuzaji mmoja akaniambia nimpelekee lori, niongeze hela, nichukue jipya, deni nilipe kwa miaka 3. Usiku ule sikupata usingizi.

Kweli klachi imechoka. Nikirudi Iringa na saruji, mlima Kitonga naupanda kwa gia ya kwanza. Lakini fundi amepiga hesabu: klachi mpya pamoja na ufundi haifiki marejesho ya miezi miwili. Na viazi ninavyobeba vikishuka bei, benki haikungoji.

Mama watoto aliuliza tu, “Hilo jipya litabeba magunia mangapi zaidi?” Hata moja.

Jumatatu linaingia gereji. Nalipenda gari hili, limenisomeshea watoto wawili.