Sekunde 47 za kusubiri leseni

Programu ninayochorea ramani za majengo ilikuwa ikichukua sekunde 47 kufunguka. Nilizipima kwa simu asubuhi tatu mfululizo, na haikupishana hata sekunde moja. Hapo ndipo ningeshtuka. Kompyuta iliyochoka haina ratiba: leo itakuweka dakika nzima, kesho nusu yake. Kinachochelewa muda uleule kila siku, ujue kuna kitu kinasubiri.

Sikushtuka. Nililaumu diski, nikalaumu kinga ya virusi, mwishowe nikaomba kuongezewa memori. Nikaongezewa. Sekunde 47.

Siku moja waya wa mtandao ulikuwa umechomoka bila mimi kujua. Nikabofya programu, na kufumba na kufumbua ikaniambia haijapata leseni. Imekataa, sawa, lakini mbona imekataa upesi hivyo? Basi zile sekunde zilikuwa zinapotelea mtandaoni.

Leseni zetu ni za kugawana. Zinakaa kwenye seva; ukifungua programu inakwenda kuomba moja, ukiifunga inairudisha. Pa kwenda inapajua kwa kusoma mpangilio wa Windows uitwao LM_LICENSE_FILE, ambamo anwani za seva hupangwa na kutenganishwa kwa nukta mkato. Inabisha hodi kwa foleni, ikianza na ya kwanza. Kwangu zilikuwa tatu. Nilipomsomea jamaa wetu wa mitandao, akacheka: mbili za mwanzo zilizimwa siku nyingi.

Bado nilitaka kujionea. Nikafungua Wireshark, programu inayoonyesha kila kinachopita mtandaoni, nikachuja zibaki anwani za zile seva mbili zilizozimwa tu, kisha nikawasha programu yangu. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ya kuomba kuunganishwa na seva ya kwanza ikaondoka. Kimya. Sekunde ya 3 ikaondoka nyingine kama ileile. Kimya. Sekunde ya 9, ya tatu. Ilipofika sekunde ya 21 Windows ikakata tamaa, programu ikahamia anwani ya pili na kuanza upya mchezo uleule. 21 mara mbili ni 42, na 5 zilizobaki ndizo za programu yenyewe. Sijui ni lini hesabu ya darasa la pili ilinifurahisha namna ile.

Kinachoponza hapa ni ule ukimya. Kompyuta iliyo hai lakini haina huduma unayoitaka hukujibu "hapana", na programu ikaendelea na safari. Lakini anwani isiyo na mtu, au ukuta wa ulinzi unaomeza pakiti bila kusema neno, humwacha mwombaji mlangoni akibisha hadi achoke mwenyewe.

Basi nikafuta zile anwani mbili. Iliyobaki nikaiandikia na namba ya poti, yaani mlango wa huduma ndani ya seva, maana ukiiacha wazi programu hujaribu poti kumi, kuanzia 27000 hadi 27009. Nikafungua nikiwa natabasamu. Sekunde 47.

Kumbe mfumo huu wa leseni una kumbukumbu zake pembeni. Ukishafanikiwa kuchukua leseni, huandika mahali ilipopatikana ndani ya rejista ya Windows (hazina ya mipangilio yake), kwenye fungu la FLEXlm License Manager, na safari nyingine hupasoma na hapo pia. Zile seva mbili ziliandikwa humo enzi za uhai wao, na hakuna aliyewahi kuzifuta. Nilihifadhi kwanza nakala ya fungu lote (rejista si mahali pa kujaribia bahati), ndipo nikafuta. Nikafunga kila kitu, nikafungua tena: sekunde 5. Nikarudia mara nne kwa raha tu.

Mwenzangu wa meza ya jirani akauliza nachekea nini. Nilipomweleza akasema yake nayo huchukua muda kama huo, ila alidhani programu kubwa ndivyo zilivyo. Tukapima: 47. Nikazunguka meza kwa meza na simu mkononi, na karibu zote zikanipa jibu hilohilo. Moja tu ikatoa 26. Hiyo sikuifungulia hata Wireshark. Nilijua inasubiri mfu mmoja.