Jinsi nilivyoacha kubeba folda kwenye flashi

Programu yenyewe ni ndogo: inatoa profoma kwa duka la vifaa vya ujenzi. Karani anachagua saruji, nondo na mabati, programu inapiga hesabu, kisha inachapa karatasi yenye nembo na TIN ya duka. Niliiandika kwa lugha ya Go. Hesabu hazikuwahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni folda ya `violezo`, yaani karatasi za mfano ambazo programu inazijaza, ambayo ilitakiwa ikae pembeni ya programu muda wote. Karani akinakili programu kwenda kompyuta nyingine, folda anaiacha. Au mtu anaamua kusafisha kompyuta, anaifuta. Halafu simu inaita: "Kijana, mashine yako imegoma tena." Napanda bodaboda, flashi mfukoni.

Dawa ilikuwepo tangu Februari 2021, Go 1.16 ilipotoka na paketi (kodi iliyo tayari kutumika) za `io/fs` na `embed`. Nilizipita kwa sababu nilidhani mfumo pepe wa faili, yaani kitu kinachojifanya folda hata kama faili haziko kwenye diski, ni kazi ya watu wanaotengeneza mifumo endeshi. Kumbe `fs.FS` inadai kitu kimoja tu: uwe na `Open`, inayopewa jina na kurudisha faili au kosa. Faili nayo inatakiwa ijue `Stat`, `Read` na `Close`. Basi. Ni kama kununua kwenye duka la dirishani: unataja sabuni, unapewa sabuni. Kama muuzaji ameitoa rafuni, ameifuata stoo au amekimbia kwa jirani, wewe hayakuhusu. Folda ya kwenye diski inaingia kupitia `os.DirFS`, faili la zip linakubalika, na data iliyoshonwa ndani ya programu wakati wa kukompaili (kugeuza kodi kuwa programu) inakuja kama `embed.FS`.

Nikabadilisha vipengele vyangu vyote (functions) vipokee `fs.FS` badala ya kuita `os.ReadFile`, inayosoma diski moja kwa moja. Nikaweka `//go:embed violezo`, agizo la kushona folda hiyo ndani, juu ya kigeu (variable), nikakompaili, nikajiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Kwanza, kiolezo cha kichwa cha karatasi nilikiita `_kichwa.html`. Nilipojaribu kwa `os.DirFS` kilikuwepo, kwenye programu iliyokompailiwa hakipo. Nilihangaika jioni nzima. Ukiipa `embed` jina la folda, inaruka kila faili linaloanza na nukta au mstari wa chini, na hailalamiki. Tangu Go 1.18 unaandika `all:violezo` na yote yanaingia. Pili, nembo ilionekana kwangu kwenye Linux, lakini kwenye Windows ya dukani ikagoma. Njia ya faili nilikuwa naiunganisha kwa `filepath.Join`, ambayo kwenye Windows inaweka alama ya `\`. Ndani ya `fs.FS` ni `/` tu, uwe kwenye mashine yoyote, na jina halianzi na `/` wala halina `..`. Nikahamia `path.Join`, yakaisha. (Kuna pia `fs.Sub`, ya kuondoa neno `violezo/` mwanzoni mwa kila jina ili `embed` na `DirFS` zifanane. Ukiisahau, utaikumbuka haraka.)

Kisha mwenye duka akafungua tawi. "Tawi liwe na kichwa chake, lakini usinitengenezee programu mbili." Hapo ndipo nilipoanza kuupenda mfumo huu. Niliandika aina yangu mwenyewe ya `fs.FS` yenye matabaka mawili: juu folda ya `maalum` iliyo pembeni ya programu, chini violezo vilivyoshonwa ndani.

```
func (t tabaka) Open(jina string) (fs.File, error) {
	f, err := t.juu.Open(jina)
	if errors.Is(err, fs.ErrNotExist) {
		return t.chini.Open(jina)
	}
	return f, err
}
```

Kwenye duka kuu, ambako hakuna folda ya `maalum`, ilifanya kazi safi. Tawini tukatengeneza folda, tukaweka `_kichwa.html` peke yake, na programu yote ikaanguka: `profoma.html` haijulikani. Lakini si imo ndani?

Imo, ila hakuna aliyeiulizia kwa jina. `template.ParseFS`, inayosoma violezo, nilikuwa nimeipa `*.html`, yaani kila faili linaloishia na `.html`, na ili ijue ni faili zipi zinaingia humo, lazima iorodheshe folda. Inafungua `.`, yaani folda ya mzizi. Tabaka langu la juu likajibu "ninayo", likatoa orodha yake yenye faili moja, na la chini halikuulizwa kabisa. Kabla ya folda kuwepo, swali lilikuwa linashuka chini lenyewe, ndiyo maana sikuona kitu. Kutafuta faili na kuorodhesha faili ni maswali mawili tofauti, na mimi nilikuwa nimejibu moja.

Nikaongeza `ReadDir`: inasoma folda kwenye matabaka yote mawili, majina yakigongana la juu linashinda, kisha inayapanga kwa alfabeti kama maktaba ya Go inavyotarajia. `fs.ReadDir` ikikuta aina yako ina kipengele hicho, inakitumia badala ya kufungua folda yenyewe. Majaribio niliyaandika kwa `fstest.MapFS`, ambayo ni jedwali tu la majina na maudhui kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Tawi lenye faili moja, folda tupu, folda isiyokuwepo: yote bila kugusa diski.

Wiki mbili baadaye mwenye duka akataka abadilishe nembo mwenyewe, kutoka ndani ya programu. `io/fs` haina kuandika, ni kusoma tu, na kilichoshonwa ndani hakibadiliki. Kwa hiyo nembo mpya naiandika kwa `os.WriteFile` ndani ya `maalum`, kwa jina lilelile. Profoma inayofuata inaikuta tabaka la juu.