Kiatu kilivyonipeleka kupima kolesteroli

Kilichonipeleka hospitali ni kiatu. Kano ya nyuma ya kisigino ilikuwa imenenepa, ngumu kama kamba yenye fundo, ikisuguana na kiatu hadi ngozi ikachubuka. Nilidhani ni mambo ya kukimbia. Daktari akaibinya kwa vidole viwili, akanikodolea macho, kisha akauliza: "Baba yako yu hai?"

Baba alianguka ghafla akiwa na miaka 43. Nyumbani ilisemwa ni mawazo.

Majibu ya damu: kolesteroli mbaya, ile LDL, 8.1 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kwa mtu mzima, ikifika 4.9 daktari huanza kushuku ugonjwa wa kurithi. Mimi mwembamba, sivuti sigara. Nikabisha kwamba maabara imekosea. Tukarudia, ikaja 7.9.

Ini, alinieleza, lina vipokezi vya kunasa kolesteroli iliyomo kwenye damu. Mimi nimerithi jeni moja yenye hitilafu, kwa hiyo ini langu linanasa kidogo, na kinachobaki kimekuwa kikijibandika kwenye mishipa ya moyo tangu nizaliwe. Hilo la "tangu nizaliwe" lilinitisha kuliko namba. Na kile kinundu cha kisigino? Kolesteroli hiyohiyo.

Niliomba miezi mitatu nijaribu chakula tu. Akakubali kwa shingo upande. Nilijinyima siagi na kila kilichonona, nikaambulia 7.2. Ndipo nikaanza statini, vidonge vya kushusha kolesteroli. Mapaja yaliuma, tukabadili aina, yakatulia. LDL ikashuka hadi 3.7, akaongeza ezetimibe, inayozuia utumbo kufyonza kolesteroli, ikawa 2.8. Bado anataka ishuke zaidi, na kuna sindano ya kila wiki mbili tunayoizungumzia.

Vidonge nimevizoea. Kazi ngumu ilikuwa ndugu zangu, maana kila mtoto wa baba alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Dada alikwenda kupima kesho yake, naye anao ugonjwa huu. Binti yangu wa miaka 9 tulimpima, yuko salama, nikalia kwenye korido kama mtoto. Kaka mkubwa anasema hana kitambi, apime nini? (Maneno yangu yaleyale.)

Mwezi uliopita alikuja kututembelea, akainama mlangoni kuvua viatu. Kabla hata sijamwamkia, macho yangu yalikuwa kwenye visigino vyake.