Ratiba ya chanjo niliyoiacha kuku wakiwa wazima

Kundi langu la kwanza la kuku wa mayai lilikuwa na kuku 300, hapa Kihonda, Morogoro, na kwa miezi saba halikunipa shida kubwa. Wiki ya 20 walianza kutaga. Walipofika wiki ya 30 tulikuwa tunaokota trei 9 kwa siku, na wateja wanazifuata wenyewe hadi mlangoni. Daftari la ratiba nililokuwa nikilifungua kila asubuhi wakati wa vifaranga likaanza kushika vumbi juu ya mifuko ya chakula.

Tarehe ya kurudia chanjo ya mdondo, ugonjwa wa virusi ambao wengine huuita kideri, ilipofika, mdogo wangu tunayefuga naye aliniuliza, "Dada, kuku wote wazima hawa, tuwasumbue kwa lipi?" Nilikosa jibu. Nikaisogeza wiki moja, kisha nyingine. Katikati ya hapo jirani mmoja aliyekuwa anahama akaniuzia mitetea 80 kwa bei ya kutupa, nikawaingiza banda lilelile. Daftari langu mwenyewe lilikataza kuchanganya kuku wa umri tofauti, na lilikataza kuingiza kuku wa nje. Sikulifungua.

Siku ya 12 tangu waingie tuliona kinyesi cha kijani. Baada ya hapo shingo zikaanza kupinda, mabawa yakashuka. Mdondo hauna tiba. Ukishaingia unabaki kuchimba shimo. Ndani ya siku 9 tulifukia kuku 210, na waliobaki wakawa wanataga mayai ya ganda laini yanayopasukia mkononi. Nililia sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba wakati wa shida niliifuata ratiba vizuri kabisa. Vifaranga walipokuwa wanatetemeka kwa baridi, nilikuwa naamka usiku mara tatu kuangalia moto wa jiko. Niliiacha pale mambo yaliponinyookea. Kuku walikuwa wazima kwa sababu ya chanjo, mimi nikauchukua uzima wao kuwa sababu ya kuiacha chanjo.

Kundi la pili nililianza kwa daftari jipya. Kila kazi niliiandikia tarehe kamili, na pembeni yake sababu, kwa sentensi moja. Hiyo sababu ndiyo iliyonisaidia kuliko chochote. Mdogo wangu aliporudia swali lake, nilimwonyesha mstari: kinga ya chanjo ya maji hupungua baada ya miezi kama mitatu, hata kama kuku anaonekana mzima. Alisoma, akaenda kuteka maji ya kisima, kwa kuwa ya bomba yana dawa inayoua chanjo. Tuliwaondolea kuku maji saa moja na nusu ili wawe na kiu, tukawawekea yenye chanjo, tukasimama pale mpaka yakaisha ndani ya saa mbili. Pesa ya chanjo zote nilikuwa nimeitenga tangu siku ya vifaranga, na bwana mifugo nilishampa tarehe zote, awe anakuja bila kusubiri simu yangu.

Jingine nililojiwekea: mpango unaweza kubadilika, ila Jumapili ya mwisho wa mwezi tu, tukiwa tumekaa wawili na hesabu mbele yetu. Wiki ya 33 mwenye mgahawa mmoja akaja akitaka trei 15 kila siku. Sisi tulikuwa na 9. Nakiri nililala nikiwaza kuongeza kuku 100. Ingekuwa zamani, kesho yake ningekuwa njiani kwenda kuwanunua. Nikamwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi. Jumapili ilipofika tulipima: banda lina mita 60 za mraba, na tayari kila mita ina kuku 5. Wakibanana wanadonoana, na ule umri tofauti nao ungerudi palepale. Tukamjibu kwamba tunaweza kumpa trei 5 kwa siku, nyingine ni za wateja wetu wa zamani. Alikubali. Banda la pili tuliliingiza kwenye mpango wa mwaka uliofuata.

Pesa nayo inadanganya wakati mayai ni mengi. Kuku anakula karibu kilo 7 kabla hajataga yai la kwanza, na siku moja atachoka kutaga, atahitaji mrithi. Kwa hiyo shilingi 1,000 ya kila trei ilikwenda kwenye laini ya simu ambayo namba yake ya siri anaijua mama peke yake. Mara mbili nilimwomba anitolee kidogo, nikiwa na safari ya harusi na baadaye nikitaka kubadilisha bati. Mara zote mbili aliniuliza, "Imeandikwa kwenye daftari, mwanangu?"

Mwezi uliopita tuliwauza kuku wa kundi hilo, wakiwa wamefikisha wiki 80. Pesa ya vifaranga wapya ipo. Tumelisafisha banda, tumepuliza dawa, na kwa ratiba linatakiwa kukaa tupu siku 14. Wateja wanapiga simu kila asubuhi, na muuza vifaranga anasema wa kwake wako tayari hata leo. Leo ni siku ya 9. Mdogo wangu ndiye anayepokea simu, nami namsikia akiwajibu kwamba hatupokei kifaranga kabla ya Jumamosi.