Nilivyoigeuza stoo kuwa chumba cha kujifungia majambazi wakivamia

Mlango wa kawaida wa chumbani haumzuii jambazi. Fremu ni ya mbao, imeshikwa na misumari michache, na teke mbili tatu zinatosha kung'oa kitasa pamoja na kipande cha mbao. Kwenye nyumba yangu ya Sahare, Tanga, nilichukua stoo iliyo kati ya chumba cha kulala na bafu. Ndani ina mita 1.5 kwa 2.2, kwenda juu mita 2.4. Lengo ni dakika tu: watu waingie haraka, na mlango uhimili mpaka msaada ufike.

Kabla ya mlango, tazama juu. Nyumba zetu nyingi ukuta wa ndani unaishia usawa wa dari ya jipsamu. Juu yake ni mbao na bati. Anayepanda darini anashuka chumba chochote anachotaka. Kwa hiyo nilimwaga zege la unene wa sm 12.5 likalie kuta zote nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, nondo za mm 12 zikipishana kila sm 15. Ilikuwa mifuko 4 ya saruji na nondo 7 za mita 12, ikiwemo moja ya akiba. Zege hilo lina uzito unaozidi tani moja, kwa hiyo kuta lazima ziwe zimeanzia kwenye msingi. Ukuta uliosimamishwa juu ya sakafu usiupe mzigo huo.

Huku pwani mchanga ni wa mto, kamwe si wa baharini, kwani chumvi yake huila nondo ndani kwa ndani mpaka zege linapasuka. Nondo zikae sm 4 kutoka chini ya zege. Mwagilia maji siku 7, na mirunda usiitoe kabla ya siku 14.

Ukuta unaotazama korido, ambao ni wa tofali za nchi 6, niliuongezea wavu wa BRC (wavu wa nondo nyembamba zilizochomelewa) na lipu ya sm 5 kwa ndani. Tofali likivunjwa kwa nyundo, wavu unabaki umeshika.

Mlango ni wa bamba la chuma la mm 3, sm 75 kwa mita 2. Bamba peke yake ni kilo 35. Fremu ni ya anglaini (chuma chenye umbo la L), kila upande ina miguu minne ya nondo iliyozamishwa kwenye zege. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokwepa kazi: wanatengeneza mlango mzito kisha wanaufunga kwa skrubu na plagi za plastiki. Unafunguka kwa nje, ili anayeusukuma aukandamize kwenye fremu. Hapo bawaba zinabaki upande wake, na akizikata mlango unatoka. Dawa ni pini tatu za mm 16 zilizochomelewa upande wa bawaba, zinazoingia kwenye matundu ya fremu mlango ukifungwa. Makomeo matatu yanafungwa kwa mkono mmoja kutoka ndani, bila ufunguo. Kwa nje kuna tundu lililofichwa la kuyafungulia, maana mtoto anaweza kujifungia akicheza. Yapake grisi mara kwa mara. Hewa ya chumvi huyagandisha.

Kinachoficha mlango ni kabati la nguo lililofungwa juu yake. Lipakie vitu vyepesi tu. Bawaba zikilegea, kona ya kabati inagusa sakafu na kuchora nusu duara kwenye vigae. Hiyo alama inasema kila kitu, na mwizi mzoefu huangalia chini. Nimeacha nafasi ya mm 8, na huwa napitisha kadi ya simu chini yake kuhakikisha.

Hewa ndiyo inayopuuzwa zaidi. Watu wanne ndani ya chumba hiki kikiwa kimezibwa huongeza hewa chafu wanayoitoa (kaboni dayoksaidi) kwa takribani asilimia 1 ya hewa yote kila saa. Ikifika 3 kichwa kinauma na pumzi inakwenda mbio. Na joto la Tanga wakati wa kaskazi litawahi kabla ya hapo. Niliweka mabomba mawili ya plastiki ya nchi 4, moja karibu na sakafu, jingine juu upande wa pili, yote yakitokea nje, yakiwa na kona, wavu wa mbu, na mfuniko wa kuzibia moshi. Hata hivyo nyumba ikiwaka, tokeni nje. Chumba hiki si cha moto.

Umeme majambazi watauzima. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 (Ah 7) inaendesha feni ndogo na taa ya LED, wati 6 kwa jumla, usiku mzima.

Simu ijaribu mlango ukiwa umefungwa, laini moja moja, kwa kuwa zege na chuma hukata mtandao. Kwangu laini moja tu ndiyo inashika, hivyo simu ya batani yenye laini hiyo inakaa humo kwenye chaji, na namba 112 ya polisi imebandikwa ukutani pamoja na ya balozi wa nyumba kumi. Juu ya paa kuna king'ora, swichi yake iko ndani, nacho kinatumia betri yake. Majirani wa pande zote mbili wanakijua mlio wake, na tumekubaliana wapige kelele na kuwasha taa za nje, wasikimbilie kuingia ndani.